Pombe, Ndoa na Ufunguo wa Kasha



Wazee wa kanisa wametuomba tuandike neno juu ya ndoa, nasi tumechagua somo lisilopendeza masikioni: ndoa ambayo pombe imeingia ndani yake, hata mume na mke hawaaminiani tena. Tafadhali fungueni Biblia zenu, msome Hosea sura ya 3, mstari wa 1 hadi wa 3. Ni mistari mitatu tu, lakini sisi imetulisha kwa zaidi ya miaka 25.

Neno "sisi" katika ukurasa huu maana yake ni mume na mke wa nyumba moja hapa Daudi. Aliyeshika kalamu ni mwalimu mstaafu, lakini kila mstari umesomwa na wote wawili kabla ya kuletwa kwa mhariri, na pale mmoja alipokataa, mstari umefutwa. Baadhi yenu mnayajua haya tayari. Ni afadhali myasikie kwetu kuliko kuyasikia kisimani.

YALIYOTUPATA

Tulifunga ndoa mwaka 1986, muda mfupi baada ya kutoka chuo cha ualimu. Tuliahidi mbele ya Mungu na mbele ya kanisa kwamba tutashikamana katika hali njema na katika hali mbaya. Siku ile hali mbaya tuliidhania kuwa ni ukame, au maradhi. Hatukudhani kwamba hali mbaya yaweza kuwa mmoja wetu.

Aliyekunywa alikuwa mume. Alianza na kikombe kimoja siku ya mshahara, kwa sababu wenzake walikunywa, na kwa sababu, kama tusemavyo wote huku juu, Mbulu kuna baridi. (Pombe huileta damu karibu na ngozi, mtu akadhani anapata joto, kumbe ndiyo kwanza joto la mwili linamtoka. Hayo mume aliwafundisha watoto darasani asubuhi, na jioni akayasahau.) Kikombe kikawa chupa. Siku ya mshahara ikawa pia siku ya mnada, na baadaye ikawa kila jioni. Kwanza uliondoka mshahara, kisha gunia la ngano, kisha mtamba tuliyemtenga kwa ajili ya karo ya mtoto wetu wa kwanza. Na kila kitu kilichoondoka kilisindikizwa na uongo: kimeibwa, kimekopwa, kimepelekwa kwa ndugu aliye mgonjwa. Mke husema hadi leo kwamba njaa ya miaka ile ameisahau, lakini uongo ule haujamtoka.

Mwaka 1998 mke alikuwa mweka hazina wa akina mama wa kanisa. Michango yao aliihifadhi katika kasha la bati chini ya kitanda, nayo ilikuwa kwa ajili ya kununulia wajane mablanketi kabla ya miezi ya baridi. Jumamosi moja alilifungua kasha mbele ya wenzake wawili, akalikuta tupu. Hakusema neno. Wenzake nao hawakusema neno. Walilifunga lile kasha, wakamshika mikono, wakamsaidia kusimama. Siku ya pili yake aliwachukua watoto akaenda kwa kaka yake.

Mume alibaki na nyumba tupu na kasha tupu. Hapo ndipo alipokwenda kwa mchungaji.

POMBE YA WAZEE NA POMBE YA SASA

Wako watakaosema kwamba pombe ni mila yetu. Ni kweli kwamba ilikuwa na mahali pake. Wairaqw walipika pombe ya nafaka, nao wazee walipokusanyika kuinywa walitamka slufay, maneno ya kuibariki nchi, mifugo na watoto. Ndugu zetu Wabarbaig wa Hanang walikuwa na pombe ya asali kwa sherehe zao, nayo ilikuwa kinywaji cha wazee. Hatusemi kwamba zamani hapakuwa na walevi. Nuhu alilewa kabla ya babu zetu kuzaliwa. Lakini pombe ile ilikuwa na siku zake, na mavuno yenyewe yaliiwekea mpaka.

Pombe iliyotuingilia sisi haikuwa na siku wala mzee wa kuigawa. Gongo ilikatazwa na sheria tangu mwaka 1966, lakini wote twajua kwamba haikukosekana. Baadaye vikaja viroba, vile vifuko vya plastiki ambavyo hata kijana wa shule aliweza kukificha kimoja ndani ya soksi. Tarehe 1 Machi 2017 Serikali ilivipiga marufuku, nasi tulishukuru. Lakini Serikali yaweza kuuondoa mfuko. Kiu haiondoki na mfuko.

Je, ulevi ni dhambi au ni ugonjwa? Tumeulizwa swali hili mara nyingi, na jibu letu ni kwamba ni vyote viwili, na anayechagua kimoja tu hukosea. Soma Mithali sura ya 23, kuanzia mstari wa 29. Yule mtu amepigwa hana habari, ana majeraha asiyojua yametoka wapi, na anapozinduka neno lake la kwanza ni kuitafuta pombe tena. Siku hizi madaktari huuita ugonjwa wa utegemezi, na dalili wanazozitaja hazitofautiani sana na hizo alizoziandika mwenye Mithali: mtu ataka kuacha, hawezi, aona hasara, aendelea.

Tena tuwaambie jambo ambalo sisi hatukuambiwa na mtu. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku akiacha ghafula, aweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwapo, kushikwa na degedege, hata kufa. Mume alipoacha mara ya kwanza alitetemeka siku tatu, majirani wakasema ni mapepo. Hayakuwa mapepo, ulikuwa ni mwili unaodai ulichozoeshwa. Kwa hiyo mwenye kutaka kuacha na aombe, na akiisha kuomba aende hospitali, na asifiche kiasi alichokuwa akinywa. Kwenda kwa daktari si upungufu wa imani. Luka naye alikuwa tabibu.

MAMBO MATATU KATIKA HOSEA

Sasa turudi kwenye somo. Katika Hosea aliyevunja uaminifu ni mke, na aliyeumizwa ni mume. Katika nyumba yetu ilikuwa kinyume chake, na katika nyumba nyingine za mtaa huu wanywao ni wote wawili. Lakini Hosea anasimama mahali pa Mungu, na sisi sote, wanaume kwa wanawake, tunasimama mahali pa Gomeri. Basi asije mume yeyote akajidhania kuwa nabii kwa sababu ya mistari hii.

La kwanza, Hosea aliambiwa aende ampende. Hakuambiwa angoje kwanza mpaka yule mwanamke afae kupendwa. Kama Mungu angengoja tufae, Kristo asingekuja.

La pili, upendo ule ulikuwa na gharama. Hosea alitoa vipande 15 vya fedha, na juu yake homeri moja na nusu ya shayiri. Mkulima husoma mstari huo na kusimama kidogo. Fedha na nafaka pamoja! Ni kama mtu aliyekomba mfuko, akakuta haitoshi, akaenda na ghalani. Msamaha wa Kikristo si maneno matamu. Daima yuko mtu anayeulipia, na mara nyingi ni yule aliyekosewa.

La tatu ndilo tunalotaka mlishike zaidi. Baada ya kumrudisha, Hosea hakumwambia kwamba mambo yote yamekwisha. Alimwambia kwamba atakaa naye siku nyingi, akiwa mwaminifu, naye Hosea vivyo hivyo kwake. Siku nyingi! Sisi tulisoma mstari huu miaka mingi bila kuuona. Mume aliporudi kutoka kwa mchungaji alikuwa amelia, ametubu, ameombewa. Alipokwenda kumchukua mkewe alitazamia kwamba jioni ile ile mambo yatakuwa kama siku ya harusi. Mke alipomwambia, "Nimekusamehe, lakini ufunguo wa kasha nitaushika mimi," mume alikasirika. Alisema huo si msamaha.

Ulikuwa msamaha, wapendwa. Kilichokosekana kilikuwa kuaminiana, na hayo ni mambo mawili. Msamaha hutolewa na aliyekosewa, naye aweza kuutoa kwa siku moja, kwa neema ya Mungu. Uaminifu hujengwa na aliyekosa, naye hawezi kuujenga kwa siku moja, kama vile hakuubomoa kwa siku moja. Yusufu aliwasamehe ndugu zake, lakini aliwajaribu kwanza, mpaka akamwona Yuda akijitoa kubaki mtumwa badala ya Benyamini. Hapo alijua kwamba hawa si watu wale waliomwuza.

KUUNGAMA NA KURUDISHA

Kanisa letu la Anglikana hapa Afrika Mashariki lilipewa funzo hili kwa namna ya pekee. Katika miaka ya 1930 ulianza Uamsho huko Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Watu walioguswa hawakuishia kulia kanisani. Walirudisha vitu walivyoiba, na waume walikwenda kuungama kwa wake zao, jambo ambalo wazee wengi waliliona ni aibu kubwa.

Mmoja wao alikuwa mwalimu kama sisi. Festo Kivengere alizaliwa Kigezi, Uganda, mwaka 1919. Alipokuwa mwalimu kijana alikunywa pombe na kuipa imani kisogo. Alipookoka, mwanzoni mwa miaka ya 1940, alipanda baiskeli akaenda maili 50 hivi kumwomba msamaha Mzungu mmoja aliyemchukia. Katika miaka hiyo hiyo ya 1940 alikuja Dodoma pamoja na mkewe Mera, akafundisha huko miaka mingi. Mwaka 1972 akawa Askofu wa Kigezi, na mwaka 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum alipokwisha kuuawa, ikambidi kuikimbia nchi ya Idi Amin. Alifariki mwaka 1988.

Askofu Festo alikuwa na habari moja aliyopenda kuisimulia. Siku moja aligombana na Mera, kisha akatoka kwenda kuhubiri. Rohoni aliambiwa arudi akamwombe mkewe msamaha. Akajitetea kwamba mahubiri yanangoja. Akajibiwa kwamba yeye aende tu kuhubiri. Roho atabaki jikoni pamoja na mkewe. Basi akarudi. Mhubiri gani ataweza kitu, ikiwa Roho Mtakatifu amebaki jikoni?

Katika miaka hiyo hiyo, mbali sana na Gahini, Mungu alikuwa akifundisha somo kama hilo. Mwaka 1935 walevi wawili, Bill Wilson na daktari Bob Smith, walikutana katika mji wa Akron, Marekani, wakagundua kwamba mlevi aweza kusimama akisaidiana na mlevi mwenzake. Ndivyo kilivyoanza chama cha Alcoholics Anonymous, ambacho leo kimeenea nchi nyingi. Wilson alisaidiwa sana na Samuel Shoemaker, kasisi wa Kanisa la Episkopal la New York, ambalo ni ndugu wa Kanisa letu. Nao pia hufundishana kuungama, kuorodhesha wale waliowakosea, na kuwalipa inapowezekana. Mwaka 1951 jamaa za walevi wakapata chama chao wenyewe, kwa kuwa ilionekana wazi kwamba katika nyumba ya mlevi anayehitaji kuponywa si yule anywaye peke yake.

Zakayo hakuokolewa kwa kurudisha mara nne. Alirudisha kwa kuwa wokovu umeingia nyumbani mwake. Mume wa nyumba yetu aliuza baiskeli yake, akalipa fedha za akina mama mbele ya wote, akisema kwa kinywa chake alizichukua kwa ajili gani. Wajane walipata mablanketi yao, ingawa miezi ya baridi ilikuwa imekwisha pita. Hilo hakuweza kulirudisha.

KWA ANAYEISHI NA MLEVI

Dada zetu, na ndugu mlio katika hali hiyo, someni habari za Abigaili katika 1 Samweli sura ya 25. Mumewe Nabali alikuwa amelewa sana, naye hakumwambia neno lolote, dogo wala kubwa, mpaka kulipopambazuka na divai imemtoka. Kumbishia mlevi usiku ni kupanda mahindi juu ya mwamba. Sema asubuhi, sema kwa ufupi, na useme kweli.

Tena Abigaili hakusema uongo kumfunika mumewe. Mke wetu alikosea hapo kwa miaka mingi. Alipeleka habari shuleni kwamba mwalimu ana homa, alilipa madeni ya kilabuni kwa siri, aliwaambia watoto kwamba baba amechoka. Alidhani anailinda ndoa, kumbe alikuwa akiilinda pombe. Kufunika aibu ya mwenzako ni upendo. Kumwondolea matokeo ya matendo yake kila siku ni kumzuia asizinduke.

Na ikiwa yuko anayepigwa, tusikieni vizuri. Ahadi ya ndoa si amri ya kuuawa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Kifungu cha 59 kinazuia nyumba ya ndoa kuuzwa au kuwekwa rehani bila ya ridhaa ya mwenzi. Liko pia Baraza la Usuluhishi, ambalo hutafuta kupatanisha kabla shauri la talaka halijafika mahakamani. Hata kabla ya sheria hizo, akina mama wa Kibarbaig walikuwa na baraza lao, na mwanamume aliyewakosea wanawake aliweza kutozwa faini ya ng'ombe. Hawakusubiri wanaume wawaonee huruma. Basi mke anayekimbilia kwa ndugu zake ili yeye na watoto wawe salama, kanisa lisimhesabie dhambi. Mke wetu alipokwenda kwa kaka yake hakuivunja ndoa yetu. Aliiokoa.

KWA MTAA WOTE

Tunayo maombi matatu kwenu. La kwanza, msimcheke mlevi. Tulipokuwa tukipita barabarani watoto walimwigiza mume anavyotembea, na watu wazima wakacheka. Kicheko kile kilimrudisha kilabuni upesi kuliko kiu.

La pili, msimshawishi aliyeacha. "Kikombe kimoja tu, mwalimu, ni harusi." Maneno hayo ndiyo yaliyomwangusha mume mwaka 2001, baada ya miaka mitatu ya kusimama. Aliyeyasema alikuwa rafiki, na mkristo.

La tatu, tuwakumbuke wanaopika. Wengi wao ni akina mama wasio na mume wala shamba la kutosha, nao wanatafuta karo na chumvi. Kuwahubiria waache bila kuwaonyesha njia nyingine ni kuwafungia mlango huku tukiwaimbia. Vikundi vyetu vya kuweka na kukopa viwaite. Vitunguu saumu, kuku, maharage, chochote kitakachompa mama fedha bila kumwibia mama mwingine.

NENO LA MWISHO

Mmeuliza moyoni: na ufunguo je?

Ufunguo ulikaa shingoni mwa mke miaka saba. Kila Jumamosi jioni tuliketi mezani na daftari la shule, mume akasoma kwa sauti kila shilingi iliyoingia na kila iliyotoka. Mwanzoni alisoma kama mtoto aliyeadhibiwa. Mwaka 2001 alipoanguka, alirudi nyumbani saa tatu za usiku, akaketi, akaandika mwenyewe katika daftari lile lile: pombe, na bei yake. Mke anasema kwamba usiku ule, ingawa alilia, alianza kumwamini. Kwa mara ya kwanza alikuwa ameambiwa kweli kabla ya kuigundua.

Mwaka 2005 mke aliugua, akapelekwa hospitali. Alipokuwa akipakiwa garini aliuvua ule ufunguo akampa mume, akamwambia anunue chumvi na mafuta, asisahau karo ya yule mdogo. Hakusema zaidi. Aliporudi baada ya siku tisa alikuta daftari limeandikwa vizuri, na ufunguo umetundikwa kwenye msumari ukutani, pale ambapo kila mmoja wetu aweza kuufikia. Uko hapo mpaka leo.

Hatuandiki haya ili mtusifu. Mume hupita mbali na kilabu hata sasa, na mke, tukisema kweli, bado hunusa hewa anaposikia mlango ukifunguliwa usiku. Siku nyingi za Hosea hazijatuishia. Lakini tunazihesabu pamoja.

Ikiwa nyumba yako iko pale ilipokuwa yetu mwaka 1998, njoo. Njoo kwa mchungaji, au njoo kwetu, mchana au usiku. Mlango wetu mnaujua.

Ee Baba wa rehema, uliyempenda Israeli alipokuacha, zitazame nyumba za mtaa huu ambamo leo usiku mmoja analia na mwingine hajarudi. Mzuie mkono anayepiga, mpe nguvu anayetetemeka, mpe hekima anayesubiri. Utufundishe kusema kweli sisi kwa sisi, na kuvumiliana siku nyingi, kama unavyotuvumilia sisi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Wenu katika Bwana,
Mume na mke wa Daudi